Shaba Katika Damu, Zebaki Katika Mnofu

Macalder ni mji mdogo wa Nyatike, katika kaunti ya Migori, ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Wavuvi wa karibu yake huvua Ziwa Victoria, kule Sori na Muhuru, na maji wanayoyajua hayana chumvi. Hata hivyo, mwamba unaochimbwa chini ya mji huu ulizaliwa baharini.

Zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, sehemu hii ya Nyanza ilikuwa sakafu ya bahari yenye volkano nyingi. Maji ya bahari yalipenya kwenye nyufa, yakashuka hadi karibu na mwamba uliokuwa ukitokota, yakapata moto mkali, yakayeyusha metali zilizokuwamo katika mawe yale, kisha yakapanda tena kwa kasi. Yalipokutana na maji baridi ya kilindini, metali zilishikana na salfa zikaganda papo hapo. Tabaka likarundikana juu ya tabaka: chuma, shaba, zinki, risasi, fedha na chembe za dhahabu. Baadaye bahari ikaondoka, ardhi ikainuka, mito ikachimba mabonde, na hazina ile ikabaki ndani ya jiwe, imeshikwa na salfa.

Enzi ya ukoloni, katika miaka ya 1930, jiwe hilo likaanza kufunguliwa. Mgodi wa Macalder ulianza kwa dhahabu, baadaye ukatoa shaba, ukafungwa mwaka 1966. Wachimbaji wadogo wakarithi mashimo, vifusi na marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa. Sura hii inazifuata metali hizo hadi mahali ambapo watu wengi hawafikirii kuzitafuta: katika damu, meno, magamba na minofu ya viumbe wa majini. Metali haijawa adui wa uhai; tangu mwanzo uhai umejengwa nayo. Kinachoamua kama itajenga au itaua ni kitu gani kimeishika, na nani amekuja kuiachilia.

Konokono aliyevaa chuma

Kazi iliyoumba mwamba wa Macalder haijakoma. Inaendelea leo chini ya bahari. Mwaka 1977 wanasayansi waliokuwa wakichunguza sakafu ya Pasifiki karibu na visiwa vya Galápagos walikuta chemchemi za maji moto zilizozungukwa na viumbe wengi ajabu. Mwaka 1979 wengine wakaona, nje ya pwani ya Mexico, minara ya mawe inayofoka maji meusi ti. Maji hayo yalizidi nyuzi 300 za selisiasi, na hayakuchemka kwa sababu ya mgandamizo wa maji yaliyo juu yake. Weusi ule ni salfidi za chuma, shaba na zinki zinazoganda pale maji moto yanapokutana na maji baridi. Minara inayojengwa namna hiyo ina madini ya jamii ileile iliyoko Nyatike.

Bahari ya Hindi nayo ina chemchemi zake. Moja iko kusini-mashariki ya kisiwa cha Rodrigues, katika kina cha karibu mita 2,400, mahali panapoitwa Kairei. Hapo, mwaka 2001, alionekana konokono ambaye hakuna aliyemtarajia. Mguu wake umefunikwa mamia ya magamba yaliyopangana kama vigae vya paa, na magamba hayo pamoja na tabaka la nje la koa lake yana salfidi za chuma. Katika wanyama wote wanaoishi leo, huyu ndiye pekee anayejulikana kuweka madini ya aina hiyo katika umbo la mwili wake. Jina lake rasmi, Chrysomallon squamiferum, lilithibitishwa mwaka 2015.

Madini anayoyavaa ni mawili. Moja ni grigaiti, ambayo huvutwa na sumaku. La pili ni payiriti, na mchimbaji wa Macalder anaijua vizuri: ni yale madini ya manjano yanayong'aa, ambayo humdanganya asiyezoea akadhani amepata dhahabu. Jiwe linalomwudhi mchimbaji ndilo vazi la konokono huyu.

Koa lake lina matabaka matatu: salfidi ya chuma kwa nje, utando mnene na laini katikati, na chokaa kwa ndani. Watafiti wa Marekani waliolipima mwaka 2010 walionyesha kwamba matabaka hayo hugawana kazi. La nje hupokea pigo na kupasuka nyufa ndogondogo zisizoenea, la katikati hulimeza pigo, la ndani hushikilia umbo.

Jinsi chuma kinavyoingia katika magamba ilielezwa na watafiti wa Japani mwaka 2019. Konokono hutoa salfa kutoka mwilini kupitia vijia vyembamba vilivyo ndani ya magamba. Chuma kilichoyeyuka majini huingia kutoka nje, na pale vinapokutana huganda na kuwa chembe ndogo za salfidi. Mwaka 2009 konokono wa spishi hiyohiyo walipatikana katika chemchemi nyingine ya Bahari ya Hindi, iitwayo Solitaire. Maji ya huko yana chuma kidogo, na konokono wake ni weupe, hawana salfidi ya chuma hata chembe. Mwili wa kiumbe wa majini hueleza maji aliyokulia. Kanuni hiyo ndiyo itakayoturudisha Ziwa Victoria.

Damu ya buluu, meno ya sumaku

Si lazima kushuka mita 2,400 ili kukuta metali miilini. Bamvua likifika na maji yakapwa, wanawake wa Unguja na Pemba hutoka na fimbo kuchokoa pweza kwenye miamba. Pweza huyo ana mioyo mitatu, na damu inayosukumwa na mioyo hiyo ni ya buluu. Damu yetu hubeba oksijeni kwa chuma, ndiyo maana ni nyekundu. Ya pweza hubeba oksijeni kwa protini iitwayo hemosianini, ambamo atomi mbili za shaba hushika molekuli moja ya oksijeni. Ikishika, damu huwa buluu. Ikiachia, rangi hupotea.

Maji ya bahari kuu yana shaba kidogo mno, chini ya mikrogramu moja katika lita. Pweza huipata kwa kula, maana kaa na kamba anaowawinda nao wana damu ya shaba. Hata Ziwa Victoria lina kiumbe wa namna hiyo. Ochong'a, yule kamba mdogo ambaye wavuvi wa Nyatike humkuta nyavuni pamoja na omena, naye hupumua kwa shaba. Shaba iliyompa mkoloni sababu ya kuendelea kuchimba Macalder inapiga mbio katika mishipa ya kiumbe asiyefika urefu wa kidole.

Kwenye miamba ya pwani yetu huishi mnyama bapa mwenye vipande vinane vya koa mgongoni, anayegandamana na jiwe kiasi kwamba kumbandua kunahitaji kisu. Wataalamu humwita kitoni. Hula mwani kwa kukwangua mwamba, na jino la kawaida lingeisha upesi kwa kazi hiyo. Mwaka 1962 mwanasayansi Heinz Lowenstam alionyesha kwamba meno ya kitoni yamefunikwa magnetaiti, oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku. Hadi wakati huo iliaminika kwamba magnetaiti hutengenezwa kwa joto na mgandamizo wa ardhini tu. Kitoni huitengeneza katika joto la kawaida la bahari, safu baada ya safu, maisha yake yote.

Wapo wengine. Kuna minyoo ya baharini yenye taya zilizoimarishwa kwa zinki, na jamaa zao waliochagua shaba. Kuna wanyama walaini wanaojishika kwenye nguzo za magati, wakichuja maji mchana na usiku, ambao mwaka 1911 mkemia Martin Henze aligundua kwamba chembe zao za damu zina vanadi. Katika spishi moja kiasi cha vanadi hufikia mara milioni 10 ya kile kilichomo katika maji ya bahari. Hata kauri aliyekuwa fedha ya biashara, tumbawe lililojenga nyumba za Lamu, na kijiwe kilichomo sikioni mwa kila mbuta vimejengwa kwa madini mamoja, kalsiamu kabonati. Kijiwe hicho huongezeka kadiri samaki anavyokua, na wataalamu wa uvuvi hukikata na kuhesabu pete zake ili kujua umri wake.

Viumbe hawa wote wana desturi moja. Hakuna anayeiacha metali izurure mwilini. Chuma cha kitoni kimo ndani ya jino; shaba ya pweza imo ndani ya protini, mahali pake maalumu. Metali isiyoshikwa ni hatari hata kwa anayeihitaji.

Salfa, mlinzi wa zamani

Ushahidi wa hilo ni mrututu, salfeti ya shaba, ambayo wakulima hunyunyizia mimea kuua kuvu. Dawa hiyohiyo imewahi kumwagwa katika mabwawa kuua konokono wanaobeba kichocho. Shaba ileile inayompa pumzi jamaa yake wa baharini humwua konokono wa bwawani, kwa kuwa imekuja ikiwa imeyeyuka, wazi, na nyingi kupita uwezo wake. Samaki naye shaba humshambulia kwanza kwenye matamvua: humzuia kuvuta chumvi anayohitaji kutoka majini, na damu yake huishiwa chumvi.

Hapo ndipo uchimbaji unapoingia. Metali za Macalder zilikaa chini mabilioni ya miaka bila kumdhuru yeyote kwa sababu zilishikwa na salfa, mahali pasipo hewa. Jiwe hilo likitolewa juu, likasagwa na kuachwa mvuani, hewa na maji huivunja ile salfidi. Salfa hugeuka asidi, na asidi huziyeyusha metali zilizokuwa zimeshikwa. Mvua kubwa ikinyesha juu ya vifusi, maji huteremka na shehena hiyo hadi vijitoni, kisha Mto Migori, kisha Kuja, kisha ziwani.

Mwaka 2002 watafiti Ogola, Mitullah na Omulo walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika ukanda wa dhahabu wa Migori. Walipima risasi, aseniki na zebaki kwenye marudio ya migodi na kwenye mashapo ya vijito. Kijito cha Macalder ndicho kilichoongoza kwa risasi kati ya sehemu walizopima. Risasi hiyo haikuletwa na mtu. Ilikuwamo katika mwamba. Kilichoongezwa na binadamu ni kuifungulia mlango.

Uhai una kinga yake, na kwa sehemu kubwa kinga hiyo ni salfa tena. Mwaka 1957 Marvin Margoshes na Bert Vallee walitenga kutoka figo ya farasi protini ndogo, ambayo baadaye ilipewa jina la metalothionini. Karibu theluthi moja ya viungo vyake ni sisteini, asidi amino yenye salfa. Protini za jamii hii zimeonekana kwa wanyama wengi mno, wakiwemo samaki, kaa na chaza. Zinki, shaba au kadimiamu ikizidi, mwili huzalisha protini hiyo kwa wingi, nayo huikamata metali kwa mikono yake ya salfa. Chaza anaweza kuishi akiwa na zinki nyingi kuliko vyakula vingine vyote tunavyokula kwa kawaida, kwa kuwa ameihifadhi mahali pake.

Nyangumi wenye meno na pomboo wamekwenda mbali zaidi. Wao hula samaki wengi kwa miaka mingi, na zebaki hujikusanya maini mwao. Watafiti wamekuta katika maini hayo chembe ngumu zisizoyeyuka za zebaki iliyofungwa na seleni, elementi iliyo ndugu wa salfa. Madini hayo huitwa timanaiti, na wanajiolojia huyapata katika mawe. Mwili wa pomboo umeirudisha zebaki katika hali ya jiwe.

Binadamu hana uwezo wa kiasi hicho.

Zebaki, mgeni wa Nyatike

Risasi na aseniki za Macalder ni za mwamba. Zebaki inayotia hofu leo ni mgeni: huja kwa chupa, kutoka nchi za mbali, kwa kazi moja tu. Ni metali iliyo kimiminika, na ikikutana na dhahabu huikamata.

Katika machimbo ya Macalder, Osiri, Masara na Mikei kazi hufuata njia moja. Mawe hutolewa shimoni, hupondwa, kisha husagwa katika mashine zenye mipira ya chuma. Unga hupitishwa kwa maji juu ya mazulia yaliyotandazwa kwenye mteremko, ili vizito vibaki na vyepesi viende. Kilichobaki huoshwa kwenye karai, na zebaki huchanganywa humo, mara nyingi kwa mikono mitupu. Wanawake ndio wengi katika kuponda na kuosha. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa hadi libaki donge la rangi ya fedha, ambalo karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa zebaki. Donge huchomwa juu ya mkaa. Zebaki huchemka katika nyuzi 357, hupaa, na dhahabu hubaki.

Iliyopaa huingia kwanza katika mapafu ya anayechoma na ya watoto waliokaa karibu. Inayobaki huchukuliwa na upepo na kushuka na mvua mahali pengine. Ile iliyomwagika wakati wa kuosha huenda na marudio. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba asilimia 38 ya zebaki yote ambayo binadamu huitoa hewani duniani hutoka kwa uchimbaji mdogo wa dhahabu, kiasi kinachopita kile cha makaa ya mawe.

Zebaki hiyo ya kimiminika haiingii kwa urahisi mwilini mwa samaki. Kinachoibadilisha ni bakteria wa matope. Chini ya ziwa, katika tope lisilo na oksijeni, huishi bakteria ambao wengi wao hupumua kwa salfeti badala ya hewa. Humo zebaki huunganishwa na kaboni na kuwa zebaki-methili. Mwaka 2013 wanasayansi walizitambua jeni mbili zinazowapa bakteria uwezo huo.

Zebaki-methili hushikana na sisteini, ileile asidi amino yenye salfa inayoulinda mwili dhidi ya metali nyingine. Hapa mlinzi anageuzwa kibarua wa mwizi. Zikishikana, umbo lao hufanana na kirutubisho cha kawaida, na mwili huzifungulia milango yote: wa utumbo, wa ubongo, na wa kondo la nyuma linalomlisha mtoto tumboni. Kwa kuwa zimeshikamana na protini, hukaa katika mnofu wenyewe. Kutoa mafuta ya samaki hakuziondoi, wala kukaanga, wala kukausha, wala kuchemsha.

Kisha huanza kupanda ngazi. Mwani huchukua kidogo. Viumbe wadogo wanaokula mwani hukusanya zaidi. Omena na ochong'a hula viumbe hao. Mbuta, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, hula omena, ochong'a na hata mbuta wadogo. Kila ngazi hula ya chini yake kwa wingi na kutoa zebaki polepole, na hivyo kiwango huongezeka kadiri unavyopanda. Baharini ni hivyohivyo: papa na nduaro hubeba zebaki nyingi kuliko dagaa na vibua. Kwa binadamu, nusu ya zebaki-methili iliyoingia huchukua takriban miezi miwili kutoka.

Minamata na sabuni yenye zebaki

Ulimwengu ulijifunza haya kwa gharama kubwa. Katika mji wa Minamata, kusini mwa Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji taka yenye zebaki katika ghuba kuanzia mwaka 1932 hadi 1968. Paka wa wavuvi walianza kutetemeka, kuzungukazunguka na kuanguka. Tarehe 1 Mei 1956 Hajime Hosokawa, daktari wa hospitali ya kiwanda hichohicho, alitoa taarifa rasmi ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu usioeleweka. Wagonjwa walikuwa familia za wavuvi, watu wanaokula samaki kila siku. Akina mama waliokuwa na dalili chache walizaa watoto wenye ulemavu mkubwa, kwa kuwa zebaki ilikuwa imewapita wao na kumfikia mtoto.

Daktari mmoja aliyetumia maisha yake kuwahudumia wagonjwa hao, Masazumi Harada, alikuja pia Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1990, pamoja na wenzake, alipima zebaki katika nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa mjini, upande wa Tanzania, na baadaye upande wa Kenya. Walikuja wakiwa na wasiwasi kuhusu dhahabu na samaki. Wavuvi wengi walikutwa na viwango vya kawaida. Viwango vya juu kupindukia vilitoka kwa watu waliotumia sabuni za kung'arisha ngozi zilizotiwa zebaki. Taarifa ya Kenya ilichapishwa mwaka 2001.

Matokeo hayo yanafundisha mambo mawili. La kwanza ni faraja: samaki wa Ziwa Victoria hawajawa samaki wa Minamata. Vipimo vilivyofuata, vya mwanzoni mwa miaka ya 2000, vilionyesha kwamba mbuta wengi walikuwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango ambacho nchi nyingi hukitumia kama mpaka, na kwamba zebaki huongezeka kadiri samaki anavyokuwa mkubwa. La pili ni onyo: hofu isiyopimwa hutazama pasipo. Mama anayeacha omena kwa kuogopa mgodi, huku akipaka uso sabuni yenye zebaki, amekimbia chakula na kukumbatia sumu.

Kwa hiyo niseme waziwazi. Omena ni wa kuliwa. Ni samaki mdogo, wa maisha mafupi, aliye chini kwenye ngazi ile, na kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake, humpa mtoto kalsiamu, chuma na zinki. Mjamzito na mtoto mdogo wanapaswa kujihadhari na mbuta mkubwa sana na, huko pwani, nyama ya papa na nduaro. Wasiache samaki, wachague wadogo.

Faraja hiyo haina dhamana ya milele. Kilichopimwa miaka ya 2000 hakisemi lolote kuhusu mchanga uliosagwa mwaka jana. Zaidi ya hayo, marudio yenye zebaki sasa hununuliwa na kuoshwa tena kwa sayanidi ili kutoa dhahabu iliyosalia. Sayanidi huyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, na zebaki iliyoyeyuka husafiri na maji kwa wepesi kuliko ile iliyokuwa matone mazito yaliyozama mchangani.

Nani afunge mlango

Mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulipewa jina la Minamata. Ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020 na Kenya mwaka 2023. Kwa uchimbaji mdogo, mkataba unataja matendo manne ya kukomeshwa kwanza: kutia zebaki katika mawe yote badala ya mchanga uliokwisha kuchujwa, kuchoma donge hadharani, kuchoma katika makazi ya watu, na kutumia sayanidi kwenye marudio ambayo hayajaondolewa zebaki.

Njia mbadala zipo na zimejaribiwa. Chombo cha kuchomea kilichofungwa hukamata mvuke na kuirudisha zebaki katika kimiminika, ikatumika tena badala ya kuvutwa na mapafu. Meza za kutikisa na mashine za mzunguko hutenga dhahabu kwa uzito wake tu. Huko Ufilipino wachimbaji wa Benguet wamezoea kuyeyusha mchanga wao uliochujwa vizuri kwa boraksi, bila tone la zebaki, na hupata dhahabu nyingi zaidi. Mradi wa planetGOLD umekuwa ukipeleka mbinu za namna hii kwa wachimbaji wa Kenya, Migori ikiwemo.

Lakini mchimbaji hachagui peke yake. Mara nyingi anayempa zebaki ni yule anayenunua dhahabu yake. Humkopesha chupa kwa sharti la kumwuzia donge. Mkopo huo ukiendelea, mafunzo ya siku tatu hayatashinda njaa ya leo jioni. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 ilimtambua mchimbaji mdogo kama mtu mwenye haki ya kibali. Haki hiyo ipewe nguvu: kikundi chenye kibali kiweze kukopa mashine, kiuze dhahabu kwa bei ya wazi, na mnunuzi anayelipa kwa zebaki aulizwe na dola.

Jambo hili linavuka Nyatike. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika, imetoa mikataba ya kutafuta salfidi katika Bahari ya Hindi kwa China, Korea Kusini, Ujerumani na India, na baadhi ya maeneo hayo ndiko aliko konokono wa chuma. Mwaka 2019 aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kwa sababu ya uwezekano wa uchimbaji huo. Kenya na Tanzania ni wanachama wa mamlaka hiyo na zina sauti. Wajumbe wao wanapozungumza huko, wana ushahidi ambao nchi nyingi hazina: mwamba wa namna ileile uliofunguliwa, mgodi uliofungwa mwaka 1966, na kijito ambacho kilikutwa na risasi miaka zaidi ya 30 baadaye.

Nyumbani, kazi ya kwanza ni kupima. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ina kituo Kisumu, na kila mwalo una kamati yake ya usimamizi wa ufuo. Mbuta, kamongo na omena wa Sori, Muhuru na mlango wa Kuja wachukuliwe kila mwaka, wapimwe zebaki, risasi na aseniki, na matokeo yasomwe ufuoni kwa Kiswahili na Dholuo, yawe mazuri au mabaya. Muuza samaki asiachiwe uvumi wa kumharibia soko, wala mjamzito asiachiwe kukisia. Zebaki ikionekana kupanda, itajulikana ikiwa bado inaweza kuzuiwa mgodini, kabla haijawa suala la hospitali. Sehemu ya kodi ya dhahabu ya Migori ilipie vipimo hivyo, na haki ya kudai vifanyike ni ya kila anayekula samaki wa ziwa hili.